Hila ya Upanga katika Michezo ya Pwani na katika Vitabu vya Italia

Kwetu Mlowo, katika nchi ya Mbozi, neno upanga humkumbusha mtu kazi ya shamba kuliko vita. Wazee wa Kinyiha waliyeyusha chuma na kufua majembe na mikuki. Lakini mchezo wa panga na hila zake tunaujua zaidi kwa habari za pwani. Nataka kuuliza swali ambalo mwalimu hukutana nalo mara nyingi: Je, hila ya mchezoni ni uongo?

Kwanza tutazame silaha yenyewe. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichopigwa chapa mwaka 1870, alitenga panga kwa majina. Upanga wa imani ni mfupi, na mpini wake una umbo la msalaba. Upanga wa feleji ni mrefu, umenyoka, una makali pande mbili, nao ulichukuliwa na Waarabu. Upanga mrefu wa Waarabu wa Oman hauna chuma cha kukinga vidole. Kwa sababu hiyo mwenye nao hujikinga kwa ngao ndogo ya ngozi na kwa wepesi wa miguu. Katika razha, mchezo waliokuja nao Unguja, wachezaji huutikisa upanga hata bapa likatetemeka na kumeta, tena huurusha juu na kuudaka kwa mpini. Atazamaye mng'aro huo hatambui upesi makali yataelekea wapi. Na hiyo ndiyo hila yenyewe.

Huko Lamu na Mombasa uko mchezo wa panga uitwao hanzua, na mwingine wa fimbo uitwao kirumbizi. Katika kirumbizi watu hufanya duara, ngoma na zumari hulia, kisha wawili huingia kati na kukabiliana. Mmoja huinua fimbo kana kwamba atapiga juu. Mwenziwe akipeleka fimbo yake juu kukinga, ubavu umebaki wazi.

Mafundi wa Italia waliiita hila hiyo finta, wakaichungua katika vitabu. Giacomo di Grassi, mwaka 1570, alieleza kwanza sanaa ya kweli ya silaha, kisha akaziweka hila peke yake katika sehemu ya pili. Ridolfo Capo Ferro, aliyefundisha Siena, mwaka 1610 alizitilia shaka. Hoja yake ilikuwa hivi: finta hupoteza wakati na kipimo. Adui akiifanya kwa mbali, sina haja ya kujibu. Akiifanya kwa karibu, naweza kumpiga wakati yeye angali anadanganya. Basi hila ina gharama yake, na mwenye kuitumia ovyo hujifungulia mlango wa kupigwa.

Hapa tunapata jambo la maana. Pigo la uongo halina nguvu lisipofanana kabisa na pigo la kweli. Upanga lazima uelekee mahali ambapo kweli ungeweza kuumiza, ama sivyo mwenzio hatajali. Tena humpata yule ajuaye kujikinga. Asiyejua kitu husimama tu, na hila hupita bure.

Lugha yetu nayo yashuhudia. Neno kuchenga lina maana ya kukata, kama mtu achengavyo kuni, na pia maana ya kumkwepa mtu kwa werevu. Vijana wetu hulitumia kila siku katika mpira wa miguu, wala hakuna amwitaye mwenye chenga mwongo.

Jibu langu basi ni hili. Mwongo humdanganya mtu aliyemwamini. Mchezaji humhadaa mtu aliyeingia uwanjani akijua kwamba atahadaiwa, naye ana ruhusa ya kufanya vivyo hivyo. Mapatano hayo ndiyo yatengayo werevu na uovu. Lakini hukoma ngoma inaponyamaza. Mtu akiichukua hila ya uwanjani akaipeleka sokoni, kwenye mizani ya kahawa ya jirani yake, hapo hakuna mapatano tena, ni wizi mtupu. Tusiwakataze wanafunzi mchezo kwa sababu ya hila yake. Tuwafundishe kuujua mpaka wake.