Karani kwenye kiti cha mfalme

Kila tarehe 30 Juni vijana wa kikundi chetu hapa kambini huchora uso wa Lumumba. Safari hii mmoja akauliza: sasa rais alikuwa nani? Nikataja jina tu, Joseph Kasa-Vubu, nikanyamaza. Sikuwa na la kuongeza. Niliona haya, nikaenda kusoma.

Alikuwa mtu wa Mayombe. Alisomea upadre, hakufika, akafundisha shule. Mwaka 1942 akaingia idara ya fedha ya serikali ya Wabelgiji kule Léopoldville, kazi ya karani. Mtu mweusi hakupewa cheo kikubwa kuliko hicho, hata awe na akili namna gani. Baadaye akaongoza chama cha ABAKO, akachaguliwa burugumesta wa Dendale, na baada ya ghasia za Januari 1959 akafungwa.

Sheria ya msingi ya 1960 ilinakili mambo ya Ubelgiji: rais akae kama mfalme wao, waziri mkuu ndiye atawale. Wabunge wakampa Kasa-Vubu kiti hicho cha heshima. Ila kifungu cha 22 kilisema rais huteua na kufukuza waziri mkuu. Kule Ubelgiji mfalme hafanyi hivyo kwa kujiamulia. Karani wetu aliisoma kama ilivyoandikwa. Jioni ya Septemba 5 akaenda redioni kumfukuza Lumumba, tena ulimi ukateleza akamwita burugumesta wa kwanza! Hata sahihi za mawaziri alizitafuta, akapata mbili, ya Bomboko na ya Delvaux. Karatasi ilikuwa kamili.

Nchi ndiyo ilipasuka. Lumumba alijibu redioni usiku uleule kwamba rais ndiye amefukuzwa, bunge likakataa, na siku tisa baadaye Mobutu akaingia kati. Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga.

Nyumbani kwetu babu alimwita msaliti, basi. Mimi nadhani aliamini mno karatasi, na hilo halimwondolei lawama: aliendelea kukaa kwenye kiti baada ya mwenzake kuuawa. Novemba 1965 Mobutu akamtoa yeye pia. Hapo hakuna kifungu kilichomsaidia. Akarudi Mayombe, akafia Boma mwaka 1969.

Yule kijana sasa anataka kumchora. Nimempa penseli. Wazee wa bloku wamekubali, ila picha isitundikwe karibu na ya Lumumba.