TPS: kidude kidogo kinachofanya gari ijikwae ukikanyaga mafuta

Leo tuingie chini ya boneti kidogo. Kuna ugonjwa mmoja umeenea sana mitaani, hasa kwenye hizi Toyota zetu za mtumba kutoka Japani. Gari inawaka vizuri, inatembea, lakini ukikanyaga mafuta kidogo inajikwaa, inashtuka kama imepigwa teke, halafu ndo inaondoka. Au ukiachia mafuta injini haishuki, inabaki inanguruma. Au otomatiki inabadilisha gia kwa vishindo. Gereji ya kwanza wanakwambia plagi, ya pili pampu ya mafuta, ya tatu nozeli, na kila mmoja anataka chake. Mara nyingine mkosaji ni kidude chenye ukubwa wa kiberiti kinachoitwa TPS. Na mara nyingine TPS inasingiziwa tu: unanunua mpya, unafunga, ugonjwa uko palepale.

Hili si la kulichukulia poa. Gari inayosita sekunde moja pale unapolipita lori njia ya Morogoro, na basi linakuja mbele, inaweza kukuua. Na kwa kijana anayeendesha gari ya bosi, siku moja ya kushinda gereji ni hesabu ya siku hiyo imekwenda na maji.

KINAFANYA NINI

Ukifuata bomba kubwa la hewa kutoka kwenye boksi la filta kuelekea kwenye injini utakuta throto bodi, bomba la aluminiamu lenye sahani ya duara ndani. Mafundi wanaiita kipepeo. Mguu wako ukikanyaga, kebo inavuta, kipepeo kinafunguka, hewa inaingia. Tofauti na gari ya kabureta, hapa petroli haifuati hewa yenyewe. Ni kompyuta ya gari, ile ambayo wengi wanaiita kontroo boksi, inayoamua nozeli zimwage kiasi gani. Sasa kompyuta haina macho. Itajuaje umekanyaga robo, nusu au mpaka chini? Hapo ndipo TPS inapoingia. Imefungwa kwenye ncha ya ekseli ya kipepeo, upande wa pili wa pale kebo inapovuta, na kazi yake ni kutoa taarifa ya kipepeo kilipo.

Ndani yake hamna maajabu. Ni kitu kilekile kilichomo kwenye kitufe cha sauti cha redio ya zamani: njia ya kaboni, na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Kompyuta inapeleka volti 5 upande mmoja, upande wa pili ni ethi, na kidole kinarudisha volti kutegemea kilipo. Kipepeo kikifungwa volti ni ndogo, kikifunguka zinapanda. Unakumbuka redio ya babu ukizungusha sauti inakwaruza, kwaa kwaa kwaa, mahali fulani tu halafu inatulia? Ndivyo TPS inavyokufa. Njia ya kaboni inalika, na hailiki sawasawa. Inalika pale kidole kinaposhinda siku nzima, yaani mguu ukiwa mwepesi, mafuta robo, foleni ya kutoka mjini mpaka Mbezi. Kidole kikipita kwenye hilo shimo, volti zinapotea ghafla. Kompyuta inadhani umeachia mafuta wakati wewe ndo kwanza unakanyaga, inapunguza petroli, gari inajikwaa. Ukikanyaga zaidi kidole kinavuka shimo, gari inachomoka. Ndo maana utasikia mtu anasema "gari yangu mwendo kasi iko safi, ila kuondoka ndo tatizo".

Halafu kompyuta haiangalii tu kipepeo kiko wapi, inaangalia pia kimefunguka kwa haraka gani. Volti zikipanda ghafla inaongeza petroli papo hapo. Kwenye kabureta kazi hiyo ilifanywa na kijipampu kidogo kinachorusha petroli ukikanyaga. Taarifa ikija imekatika katikati, hiyo nyongeza haiji.

Toyota nyingi za miaka ya 90, zile Corolla za 4A na 5A na nduguze, TPS yake ina nyaya nne. VC ni volti 5 zinazoingia, E2 ni ethi yake, VTA ni taarifa inayorudi, na ya nne ni IDL, swichi ndogo inayoiambia kompyuta "mguu umetoka kabisa". Hiyo IDL ina visa vyake. Isipojifunga, kompyuta haijui kwamba umeachia mafuta na sailensi inakaa vibaya. Ikigoma kujifungua, kompyuta inadhani uko kwenye mteremko umeachia mafuta, kwa hiyo mzunguko ukipanda inakata petroli, ukishuka inarudisha, inakata, inarudisha. Gari inacheza ngoma barabarani. Matoleo ya baadaye yenye kebo yana nyaya tatu tu, IDL haipo, kompyuta inajifunza yenyewe.

PIMA KABLA HUJATOA HELA

Anza na taa ya injini kwenye dashibodi. Kwa Toyota za zamani huhitaji mashine: chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki, ukifunua kifuniko majina ya matundu yameandikwa kwa ndani. Switi ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha fungua switi bila kuwasha injini. Hesabu taa inavyopepesa. Nne, kituo, moja: hiyo ni 41, ndiyo ya TPS. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ila usibahatishe tundu, humohumo kuna moto wa betri. Gari zinazoongea na mashine za kisasa zitakupa P0120 hadi P0123, na hapo hata kile kidude cha bluutuuthi cha kuchomeka kisha unasoma kwenye simu kinatosha. Angalizo kwa wenye gari za soko la Japani la miaka ya 90: soketi ya pini 16 unaweza kuikuta ipo, halafu kidude kisipate chochote. Si lazima kiwe kibovu, gari haiongei lugha yake.

Na hii ni muhimu kuliko yote: kosa kutokuwepo haimaanishi TPS ni nzima. Shimo dogo kwenye kaboni linapita haraka mno, kompyuta inaweza isilirekodi kabisa. Na kosa kuwepo haimaanishi TPS ni mbovu, maana waya uliokatika unatoa kosa hilohilo. Ndo maana tunapima.

Tafuta mita ya umeme. Ya mshale, zile za mafundi redio, ni bora kuliko ya tarakimu kwa kazi hii, kwa sababu shimo linapopita mshale unaruka na macho yanauona, wakati tarakimu zinachelewa. Acha soketi ikiwa imechomekwa, ingiza pini nyembamba kwa nyuma yake. Usitoboe waya, unyevu utaingia na baada ya miezi waya utaoza ndani kwa ndani. Fungua switi, injini usiwashe. Waya mweusi wa mita weka kwenye E2 yenyewe, si kwenye bodi ya gari. Wengi wanakosea hapo: wanapima kwa bodi, namba zinatoka nzuri, kumbe ethi ya sensa ndo imekufa. VC iwe karibu na 5. Kisha hamia VTA. Kwa Toyota hizi, kipepeo kikifungwa inatakiwa iwe kati ya volti 0.3 na 0.8, kikifunguka chote iwe kati ya 3.2 na 4.9. Sasa fungua kipepeo kwa mkono POLEPOLE, kama unamimina chai. Mshale upande bila kuruka wala kurudi. Ukiruka mahali, hasa pale mwanzoni, umempata mwizi.

Kama hizo volti 5 hazipo, usilaumu sensa bado. Chomoa soketi ya TPS, pima tena upande wa nyaya. Zikirudi, sensa ilikuwa imeshoti ndani. Zisiporudi, chomoa na ile sensa ya mvuto wa hewa kwenye manifoldi kama gari yako inayo, maana zinakula sahani moja, ikishoti moja zote zinalala njaa. Bado hazipo? Hapo ni waya au kompyuta, tafuta fundi umeme anayejua kusoma ramani ya nyaya.

Mengine yanayoigiza TPS mbovu: mpira wa hewa uliopasuka, kipepeo kilichojaa masizi, na maji. Kuna hizi kawoshi za mashine, kijana anapiga maji ya presha kwenye injini mpaka inang'aa, kesho yake gari inajikwaa. Chomoa soketi, kausha, jaribu tena. Kipepeo chenye masizi safisha kwa kitambaa chenye dawa. Usiipulizie dawa TPS kwa ndani, inaondoa grisi na kuharibu njia ya kaboni.

KUBADILISHA

Kabla ya kwenda Gerezani pale Kariakoo, au Grogan kwa wa Nairobi, fungua ya zamani uende nayo mkononi. Namba za Toyota kwa sensa hizi zinaanza na 89452, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha. Zipo zinazofanana kama mapacha lakini mpangilio wa nyaya ni tofauti au zinazunguka upande mwingine. Ukinunua ya mtumba nenda na mita: weka kwenye omu, pima VTA na E2 huku unazungusha taratibu, namba zipande laini. Muuzaji akikukatalia kupima, hamia duka la jirani.

Switi zima, toa terminali hasi ya betri. Kabla ya kulegeza skrubu chora mstari kwa kitu chenye ncha, kuonyesha sensa ilikaaje kwenye throto bodi. Skrubu ni mbili na huwa zimekaza kufa. Nyota ya skrubu za Kijapani si sawasawa na ile ya bisibisi zetu za kawaida, ndo maana zinalika kichwa. Chagua bisibisi inayojaa, gonga kwa nyundo kidogo juu yake, kisha kandamiza huku unazungusha.

Mpya inaingia ikiwa imepinda, unaizungusha dhidi ya springi mpaka matundu ya skrubu yakutane. Kabla ya kukaza kabisa vuta kipepeo kwa mkono na ukiachie. Lazima kirudi chenyewe na kugonga "tap!". Kikirudi kwa uvivu, toa, funga upya. Usiwashe gari, kipepeo kikigoma kurudi barabarani gari itaendelea kwenda hata ukiachia mafuta.

Zenye matundu marefu ya skrubu zinarekebishwa. Rudisha betri, fungua switi, mita kwenye VTA na E2, zungusha sensa mpaka ifike volti za mwanzo zinazotakiwa, kisha kaza kidogo kidogo huku ukiangalia mita. Zenye IDL zinasetiwa kwa fila geji kwenye stopa ya kipepeo: kwa unene mdogo swichi iwe imefunga, kwa mkubwa iwe imefunguka. Unene huo unatofautiana injini na injini, chukua wa injini yako kwenye kitabu chake. Zenye matundu ya duara hazina marekebisho, funga tu.

Kuna skrubu ndogo inayozuia kipepeo kisifunge kabisa. ILE USIIGUSE. Imesetiwa kiwandani. Kuna mafundi sailensi ikishuka wanaikaza hiyo ili injini ipande, kipepeo kinabaki wazi kidogo, IDL haijifungi tena, na kuanzia hapo kila sensa utakayofunga itaonekana mbovu.

Mwisho futa kosa: toa fyuzi ya EFI sekunde 10 au zaidi. Washa, iache ipate moto bila kukanyaga, sailensi ikae yenyewe.

Wenye gari zisizo na kebo, ambazo pedali inaongea na kompyuta kwa waya tu, hadithi ni nyingine. Mle kuna sensa mbili zinazochungana, na zikipingana kompyuta inakunyima mafuta, gari inatambaa mpaka nyumbani. P2135 ni ugomvi kwenye throto, P2138 ni kwenye pedali. Mara nyingi hiyo sensa haiuzwi peke yake, unabadilisha throto bodi nzima, kwa hiyo pima soketi na nyaya mara mbili kabla hujafungua pochi. Na switi ikiwa imefunguliwa usiingize kidole mle ndani. Kipepeo kinaendeshwa na mota, kinaweza kujifunga bila hodi.