Kifungua Mimba Alipokwenda Shule

Historia ya elimu katika Afrika Mashariki huandikwa kwa kuhesabu madarasa, walimu na wanafunzi. Tunasoma watoto wangapi waliandikishwa mwaka gani, serikali ilitenga fedha kiasi gani na wafadhili walichangia nini. Mama hayumo katika hesabu hizo, ila pale anapohimizwa apeleke watoto shule. Nadai kwamba yeye ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya gharama, tena kwa kitu ambacho hakuna hazina iliyowahi kukiandika: saa zake za mchana. Kabla ya shule kuenea, mzigo wa mama ulikuwa na mwendo wake. Ulikuwa mzito kupita kiasi alipokuwa na watoto wawili wa kwanza, ukaanza kupungua kifungua mimba alipopata nguvu za kumbeba mdogo wake mgongoni. Elimu kwa wote iliukatiza mwendo huo, na hakuna aliyekaa chini kufikiri ni nini kingeziba pengo.

Ushahidi mzuri wa hali ya zamani unatoka Nyansongo, katika nchi ya Wagusii magharibi mwa Kenya. Katikati ya miaka ya 1950, Robert na Barbara LeVine waliishi huko wakichunguza malezi, katika utafiti mkubwa uliolinganisha jamii sita za nchi mbalimbali. Walikuta kwamba mtoto mchanga alikuwa na mlezi wake rasmi, kwa kawaida msichana wa miaka kati ya sita na kumi, ndugu yake au binamu yake. Huyo ndiye aliyembeba, akambembeleza na kumlisha uji wakati mama yuko shambani na jembe. Wavulana walichunga ng'ombe. Wasichana waliteka maji, walikusanya kuni na kusaga wimbi. Jamii hizo sita zilipolinganishwa, watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliokabidhiwa kazi nyingi zaidi, na pia miongoni mwa walioonyesha zaidi tabia ya kuwajali wadogo. Hayakuwa maisha mepesi. Mama wa Kigusii alilima, alipika na kuzaa bila likizo. Lakini kila mtoto aliyekua alikuwa jozi nyingine ya mikono, na binti mkubwa alipoolewa, yule aliyemfuata alikuwa tayari ameshajua kazi.

Ndipo zikaja zile sera ambazo kizazi chetu huzitaja kwa fahari, na kwa haki. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliweka lengo la kila mtoto wa Tanzania wa umri wa kwenda shule kuandikishwa ifikapo Novemba 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya mahudhurio kuwa lazima. Umri wa kuanza ulikuwa miaka saba. Tazama umri huo vizuri: ni ule ule ambao mtoto wa Nyansongo alikuwa katikati ya kazi yake ya ulezi. Isitoshe, Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilizitaka shule ziwe na mashamba yake, kwa hiyo hata saa ambazo mwanafunzi hakuwa na kitabu mkononi, jembe lake lilikuwa kwenye shamba la shule. Wakati huo huo kampeni ya vijiji ya 1973 hadi 1976 ilikusanya kaya pamoja ili shule, zahanati na maji viwe karibu. Kwa wengi shule ilisogea kweli, lakini shamba la zamani na kuni vikabaki mbali, na aliyetembea umbali huo ni mama, mtoto mchanga mgongoni, maana wa kumwachia yuko darasani. Kitu kimoja kilimsaidia kwa kiasi: uhaba wa walimu na vyumba ulilazimisha shule nyingi kufundisha kwa zamu, hivyo mtoto wa zamu ya asubuhi angeweza kumpokea mdogo wake mchana. Upungufu ule ule ambao wataalamu waliulalamikia ulikuwa nafuu ya nyumba nyingi. Kiambu, nchini Kenya, watafiti waliofuatilia kijiji cha Ngecha kati ya 1968 na 1973 waliona jambo hilo hilo likitokea bila azimio lolote: kadiri watoto walivyojaa shuleni, ndivyo akina mama walivyobaki na kazi zilizokuwa za watoto.

Msomaji atauliza: je, mashine ya kusaga na bomba havikuirudisha nafuu hiyo? Kwa mashine, nakubali nusu. Iliondoa saa nyingi za kinu na jiwe, nayo ni neema ambayo asiyewahi kutwanga hawezi kuithamini. Ila mashine hudai pesa taslimu, kama zinavyodai sare, madaftari na michango ya majengo, ile iliyoibuka Kenya mara tu ada za madarasa ya chini zilipofutwa mwaka 1974. Kwa mama asiye na mshahara, pesa hiyo hutoka katika kuuza mboga, kukaanga maandazi au kulima kibarua, ndiyo kusema hutoka katika saa zile zile. Kuhusu bomba, ushahidi unasikitisha. Gilbert White, Anne White na David Bradley walichunguza uchotaji wa maji katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya 1960, wakachapisha matokeo mwaka 1972. Watafiti wengine walirudi katika maeneo yale miaka thelathini baadaye, wakakuta mabomba ya mijini yakitoa maji kwa kusuasua kuliko zamani.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Yule mlezi wa miaka saba alikuwa mtoto, na utoto wake ulikuwa ukitumika kwa faida ya wengine. Kusikitikia kuondoka kwake ni kutamani binti abaki mjinga. Nalikubali pingamizi hili kwa moyo wote, tena ndilo linaloipa hoja yangu nguvu. Gharama isipotajwa haipotei, humwangukia asiye na sauti. Uganda ilipoanza elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, mpango ulihusu watoto wanne kwa kila familia, na katika nyumba yenye sita mtu alilazimika kuchagua. Kwingineko uchaguzi ulifanywa bila tangazo: binti mkubwa aliachishwa darasa la nne au la tano mama alipojifungua tena. Na katika miji, mama mwenye kazi ya mshahara alitatua tatizo lake kwa kumleta dada wa kazi kutoka kijijini, mara nyingi msichana aliyetoka tu darasa la saba au asiyefika huko. Huyo naye alikuwa kifungua mimba wa mtu. Mama wa mjini alipata mikono, mama wa kijijini akaipoteza, na mshahara mdogo uliotumwa nyumbani mwisho wa mwezi haukumbeba mtoto yeyote mgongoni.

Kwamba pengo lingeweza kuzibwa, lilijulikana tangu zamani. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, ulifungua vituo vya kulelea watoto mchana, na wanawake wa vijijini walielewa mara moja manufaa yake. Lakini vituo hivyo havikupewa kamwe nguvu ya sheria iliyopewa darasa la kwanza. Viliendeshwa kwa michango na kujitolea, na waliojitolea walikuwa akina mama wale wale, kwa saa zile zile zilizokuwa zimekwisha. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa Tanzania, MMEM, ulipoanza mwaka 2002 na wananchi wakatakiwa kuchangia nguvu kazi ya ujenzi, wanawake walibeba maji na mchanga wa madarasa mapya. Thamani ya nguvu hizo ilikadiriwa kama mchango wa jamii. Saa za ulezi walizoziacha nyumbani siku hizo hazikukadiriwa na mtu.