Umbali na Muda wa Safari: Mbarara – Nakivale (Uganda)

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Yalianzishwa mwaka 1958. Soko kubwa la karibu ni Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020.

Umbali wa barabara: takriban km 60 hadi Base Camp
Umbali wa anga: takriban km 40
Ndege za ratiba: hakuna

NJIA
Gari hutoka Mbarara kwa barabara ya lami iendayo Isingiro na Kikagati, kisha huacha lami na kuelekea mashariki. Ndani ya makazi barabara ni za udongo.

MUDA
Kwa mwendo wa wastani wa km 40 kwa saa, safari ni saa moja na nusu. Kwa km 30, ni saa mbili. Mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba zikiharibu njia, mwendo ukashuka hadi km 20, weka saa tatu.

KWA NDEGE
Mbarara ina uwanja mdogo wa Nyakisharara. Uwanja wa kimataifa ni Entebbe, takriban km 210 kwa anga kutoka Mbarara. Ndege ndogo ya km 300 kwa saa hutumia kama dakika 45. Kwa barabara, Mbarara hadi Kampala peke yake ni karibu km 270. Kwa hiyo mzigo wa Nakivale ni wa lori.

MAMBO YA KUZINGATIA
1. Nakivale si sehemu moja. Kuna kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Ukipatana nauli ya "Nakivale" tu, dereva anaweza kudai nyongeza mkifika. Taja kanda na kijiji kabla ya kupakia.
2. Kwenda na kurudi ni km 120. Gari linalokula lita 1 kwa km 5 litahitaji lita 24, bila kuhesabu mizunguko ya ndani.
3. Usirudi mtupu. Isingiro inajulikana kwa matoke, na mahindi na maharage hulimwa humo makazini. Tafuta mzigo wa kurudi mapema.
4. Patana ni nani atakayelipa siku ya kusubiri gari likikwama.
5. Wakazi wanatoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Kiswahili kitakusaidia sokoni, hasa kwa Wakongo na Warundi.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na biashara, hivyo mteja wako wa Nakivale ni mfanyabiashara kama wewe. Andikianeni risiti.

Safari njema.