Mtungaji Kijana na Hadithi Yake ya Kwanza: Kumbukumbu za Ngerengere

Wanaoandika historia ya riwaya ya Kiswahili huianzia katika vitabu vilivyokwisha kupigwa chapa, wala si ajabu, kwani kitabu kilichopigwa chapa kina mwaka wake na jina la mtungaji wake. Hutajwa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Hutajwa vitabu vya marehemu Shaaban Robert. Kisha hutajwa Mzimu wa Watu wa Kale cha marehemu Muhammed Said Abdulla, kilichotolewa mwaka 1960 baada ya kushinda katika mashindano ya kutunga hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau. Mtungaji huyo alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Basi aliposhinda alikuwa mtu mzima wa miaka kama arobaini. Ukiitazama orodha hiyo peke yake utadhani kwamba hadithi ndefu ni kazi ya watu wazima tu, na kwamba vijana wetu hawakupata kuijaribu. Walijaribu. Ila kazi zao hazikufika kwenye mtambo wa chapa, na mwanahistoria hana desturi ya kutafuta chini ya vitanda.

Nataka kueleza habari ya kazi moja ya namna hiyo, kwa sababu niliiona ikizaliwa na ikifa, kisha niilinganishe na habari za watungaji wengine walioanza wakiwa vijana.

Ngerengere ni stesheni ya Reli ya Kati, upande wa mashariki wa mji wa Morogoro, na jina lake ni lile lile la mto utokao milima ya Uluguru, ukapita mjini, ukaenda kuungana na Ruvu. Wajerumani walianza kuijenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake, na mkonge ukaita watu wa mbali, wale walioitwa manamba, waliofanya kazi kwa kuhesabiwa siku katika kipande. Kwa hiyo mtoto wa Ngerengere aliwasikia Waluguru, Wakwere na Wakami, ambao ni wenyeji, akawasikia na Wamakonde, Wanyamwezi na Wabena, na wote hao walipokutana sokoni au kisimani walisema Kiswahili. Kwetu lugha hii haikuwa somo la shule. Ilikuwa lugha ya kuuzia maji, ya kugombana na ya kuombolezea. Nayataja haya kwa kuwa wako wanaodhani kwamba hadithi ya Kiswahili ina haki ya kuzaliwa pwani tu.

Mwaka 1973 nilikuwa na umri wa miaka 16. Baba alikuwa karani wa mahudhurio katika shamba moja la mkonge, na mama alichemsha na kukaanga karanga akawauzia abiria madirishani mwa mabehewa. Kitabu cha Faraji Katalambulla, Simu ya Kifo, kilichotoka mwaka 1965, kilinifikia kimekwisha kupoteza jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo nilikisoma mara mbili kabla ya kulijua jina lake. Nilipokimaliza mara ya tatu niliamua kutunga changu.

Namna nilivyofanya nadhani ndivyo wafanyavyo wengi wa umri ule. Sikuanza na hadithi. Nilianza na jina la kitabu, tena nikalichora kwa kalamu za rangi, na chini yake nikaandika jina langu kwa herufi kubwa kuliko za kichwa cha kitabu. Kisha niliandika orodha ya majina ya watu, nikawapa magari. Mimi mwenyewe sikuwa nimepanda gari lolote ila lori la mkonge na gari moshi. Mauaji yalitokea Dar es Salaam, mji nilioujua kwa kuuona siku mbili tu, na mpelelezi wangu alivuta sigara katika kila ukurasa kwa sababu sikujua mpelelezi hufanya nini anapofikiri. Karatasi zilikuwa zile za mahudhurio ambazo baba alikwisha zitumia upande mmoja. Mimi niliandika upande wa pili.

Sura tatu zilikwenda hivyo, upesi, kwa kuiga. Katika sura ya nne hadithi ilikwama kabisa. Mpelelezi alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli, nami sikujua ndani ya hoteli mna nini. Alisimama pale majuma mawili. Mwisho, kwa kukosa njia, nilimpakia kwenye gari moshi nikamleta Ngerengere, na maiti ya pili nikaiweka katika lundo la takataka za mkonge nyuma ya korona, yaani ile mashine ya kuchambulia majani. Hapo kalamu ilinishinda mbio. Nilijua harufu ya lundo lile baada ya mvua. Nilijua nani hupita pale alfajiri na kwa nini. Nilijua kwamba mtu akitoweka siku mbili kabla kipande chake hakijaisha, mnyapara atasema ametoroka wala hatamtafuta. Yale niliyoyajua yalikuwa yamefanya siri nzuri kuliko yale niliyoyaazima. Wako wahakiki wanaowacheka vijana kwa kuiga. Mimi naona kuiga ni daraja, na aliyelivunja mapema hatafika ng'ambo. Lakini aliyejenga nyumba juu yake, huyo nampa pole.

Nilifika sura ya tisa. Sikumwambia mtu. Nilizificha karatasi ndani ya debe, baadhi nikaziweka chini ya godoro, nikarudi shuleni muhula ulipofunguliwa. Niliporudi likizo nyingine debe lilikuwa tupu. Mama alikuwa amezifungia karanga. Yeye hakusoma, na karatasi zenye hesabu za shamba upande mmoja zilikuwa kwake karatasi za kazi zilizokwisha kazi yake. Nilipomweleza alikaa kitako, akasema, "Mwanangu, ungeniambia ni kitabu, ningekwenda kuomba magazeti kwa mwalimu." Sikuwa na la kumjibu, na hata leo sina.

Neno lile la mama ndilo lililonifanya nisome habari za watungaji wengine kwa jicho la namna nyingine. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru mwaka 1938 na kufariki mwaka 2025, amesimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi mdogo alibishana na rafiki yake juu ya kutunga vitabu: rafiki alishika kwamba mtu akiandika kitabu bila ruhusa atafungwa. Hiyo ilikuwa Kenya ya miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, wala hofu ya watoto wale haikuwa ya kuchekwa. Baadaye, akiwa Makerere mwaka 1960, alimsimamisha Jonathan Kariara, aliyekuwa akishughulika na gazeti la wanafunzi liitwalo Penpoint, akamwambia kwamba ametunga hadithi na angependa aitazame. Hakuwa na hadithi. Alikuwa amesema uongo. Lakini Kariara alikubali kuisoma, na sasa kijana akawa na deni, ikambidi aende kuitunga. Ndipo ikapatikana hadithi fupi ya Mũgumo. Kisha Literature Bureau ikatangaza mashindano ya riwaya, naye akaandika kwa ajili ya mashindano hayo ile iliyokuja kuitwa The River Between, ambayo ilitungwa kwanza lakini ikatoka mwaka 1965, baada ya Weep Not, Child ya mwaka 1964.

Mimi nilikuwa na hadithi nisimwambie mtu. Yeye hakuwa nayo akamwambia anayefaa kuambiwa. Tofauti yetu iko mahali pengine pengi, na kipaji ni kimojawapo, sitaki kujidanganya. Walakini hili moja halikutegemea kipaji.

Hata huko Ulaya habari ni ile ile. Mary Shelley, aliyezaliwa mwaka 1797, alikuwa na umri wa miaka 18 alipoanza Frankenstein katika kiangazi cha mwaka 1816, karibu na ziwa la Geneva. Mvua iliwafungia ndani, na Byron akatoa shauri kwamba kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Bibi huyo ameeleza kwamba kila asubuhi aliulizwa kama amepata hadithi, na kila asubuhi alilazimika kujibu kwamba bado. Kitabu kilitoka mwaka 1818, bila jina lake. Wasomaji hupenda kuzungumza juu ya ndoto aliyoiona; mimi napenda zaidi lile swali la asubuhi. Na huko Tulsa, Marekani, S. E. Hinton, aliyezaliwa mwaka 1948, aliianza The Outsiders akiwa bado msichana wa shule, akakaa akiirudia, ikatolewa mwaka 1967. Aliwaandika vijana wa mtaani mwake, kwa kuwa vitabu alivyopewa havikuwa na watu aliowajua.

Mwaka huo huo wa 1948 ndio aliozaliwa Meja Mwangi huko Nanyuki. Yeye alikisoma Weep Not, Child akiwa kijana, akaona kumbe mambo ya vita vya Mau Mau aliyoyaona kwa macho ya mtoto yanaweza kuwa kitabu, akatunga Taste of Death, iliyotolewa mwaka 1975 baada ya Kill Me Quick ya mwaka 1973. Hapa pana jambo la kuangaliwa na watu wa Kiswahili. Vijana hawa wawili wa Kenya waliandika kwa Kiingereza, kwani gazeti la wanafunzi lilikuwa la Kiingereza na mlango uliofunguka ulikuwa wa lugha hiyo. Katika Tanzania tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lakini mtoto akifika sekondari, umri ule ule ambao hadithi huanza kumsumbua, masomo hugeuzwa kuwa kwa Kiingereza. Wenye subira wakaandika kwa Kiswahili kwa siri, kama waibao embe.

Siku hizi milango imeongezeka. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwezi wa Aprili, 2023, hupokea miswada, na kijana wa Ngerengere anaweza kuipeleka Dar es Salaam kwa treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024. Mashindano humpa mtungaji tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho ni msomaji wa aina fulani. Ila aliyeshindwa huondoka na karatasi zake, na hapo ndipo karanga hufungiwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya miswada ambayo J. W. T. Allen alizunguka pwani akiikusanya katika miaka ya 1960, na orodha yake ilipigwa chapa mwaka 1970. Nyingi ni tenzi na mashairi ya hati za Kiarabu. Hakuna aliyemwuliza mwenye utenzi kama aliwahi kushinda tuzo; ulichukuliwa kwa kuwa uliandikwa, na watu waliupenda. Naomba madaftari ya vijana wa bara yapewe heshima hiyo hiyo, mabaya kwa mazuri, kutoka Ngerengere, Mikese, Kidugallo na kokote yaliko, kabla wenyewe hawajazeeka wakaona haya kuyaonyesha.

Mimi nitaanza kwa yangu. Zile karatasi zilizokuwa chini ya godoro zilisalimika, nazo ni karatasi 31: sura tatu za mwanzo, ambazo ni za Katalambulla kuliko zangu. Sura za korona ndizo zilizokwenda na abiria. Nilipozionyesha kwa mtaalamu mmoja wa historia ya mashamba alisoma mistari michache ya upelelezi wangu, akatabasamu, akazigeuza. Upande wa pili yako majina ya wafanyakazi kwa mwandiko wa baba, kila mmoja na siku alizofanya na siku alizokosa, akaniomba ruhusa ya kuzinakili.