Mboga, Maziwa na Moshi

Isiolo haikuzaliwa mji wa sukuma wiki. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa askari wa zamani wa Kisomali makazi hapa, kwenye malisho ya wafugaji. Watu waliishi kwa maziwa, nyama na chai. Mboga zilishuka, na bado zinashuka, kutoka Meru. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Bulla Pesa kwamba mboga na matunda huzuia kansa ya kibofu cha mkojo, ana haki ya kuuliza: sasa sisi wa maziwa ya ngamia tulikosea wapi?

Hamkukosea, mzee. Kansa hii haikuanza kueleweka jikoni. Mwaka 1895, daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt aliikuta kwa wafanyakazi watatu wa kiwanda cha rangi. Mwaka 1911, huko Misri, Ferguson aliihusisha na kichocho, ambacho mnyoo wake uligunduliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Mayai ya mnyoo huo hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza miaka na miaka. Pwani yetu inaujua vizuri.

Kisha ikaja sigara, na hapo ndipo kuna balaa: karibu nusu ya kansa za kibofu zinatokana nayo. Sumu ya moshi huingia kwenye damu, figo huichuja, halafu inakaa kibofuni na mkojo kwa masaa.

Na chakula je? Mwaka 2007, ripoti ya World Cancer Research Fund ilisema huenda maziwa yanakinga. Ripoti ya 2015 ikataja mboga na matunda, pamoja na chai. Mara zote mbili ushahidi uliitwa hafifu.

Sukuma kula, ni nzuri kwa moyo na tumbo. Lakini pale base, miraa mdomoni na sigara mkononi, usijidanganye kwamba embe la jioni litafuta moshi wa mchana. Na ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, usingoje ipotee wala usinunue dawa ya kubahatisha. Nenda hospitali upimwe.