Leso na bei zake Barabara ya Biashara

BARABARA ya Biashara, karibu na Barabara ya Digo kisiwani Mombasa, ndiyo soko mashuhuri zaidi la leso katika Pwani ya Kenya. Maduka yamepangana pande zote mbili, na nje yake mafundi wa cherehani hungoja kazi.

Leso, ambayo kwingineko huitwa kanga, huuzwa kwa jozi: vipande viwili ambavyo bado havijatenganishwa. Kila kipande kina pindo, mji na jina. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kama Abdulla, huhusishwa na desturi ya kuchapisha majina hayo mapema katika karne ya 20. Maneno "Mali ya Abdulla" yangali yanasomeka kwenye leso nyingi.

Mgeni huanza kwa kuuliza bei. Mwenyeji huanza kwa kukishika kitambaa. Pamba hunyonya jasho na hushika mwilini. Polista huteleza, jambo lisilo dogo kwa mama anayembeba mtoto mgongoni. Kitambaa kilichotiwa wanga mwingi huonekana kizito, lakini kikifuliwa mara moja hubaki chepesi kama chandarua. Hukaguliwa pia iwapo pindo limechapishwa sawasawa, kwa sababu likienda upande hakuna fundi awezaye kulinyoosha. Kisha husomwa jina. Leso yenye fumbo kali, hata ikiwa rahisi namna gani, ikipelekwa kwa mama mkwe yaweza kuzua ugomvi wa miaka.

Hapo ndipo huulizwa, baada ya salamu, "Mwisho ngapi?" Ukweli ni kwamba bei ya leso haishuki sana. Maduka jirani huuza mali ile ile, na kila muuzaji ajua mwenzake anatoza kiasi gani. Nafuu hupatikana kwa kuchukua jozi kadhaa, kama wafanyavyo wanaojiandaa kwa harusi. Hali ni tofauti kwa wauza vinyago karibu na Ngome ya Yesu, ambako bei ya kwanza huwekwa juu makusudi kwa ajili ya watalii.

Mnunuzi aliyetaja bei yake, nayo ikakubaliwa, hatarajiwi kuondoka mikono mitupu. Hilo huhesabiwa utovu wa adabu.

Ujira wa kukata na kupinda haumo katika bei ya duka. Huo hupatanwa na fundi, kabla hajashika mkasi.